Saa Tano na Dakika Kumi

Sista Eliwaza alituambia tusile tangu usiku.
Kibwana akafunga kama mtu wa Ramadhani,
hata mate hakumeza,
tukafika Upanga midomo imepauka.

Kwanza, maswali.
Daktari kijana, shati limepigwa pasi mpaka linakata,
akasema: nakupa maneno matano, yashike.
Sahani. Mbuzi. Mvua. Ufunguo. Chumvi.
Kisha toa saba katika mia, uendelee kutoa.
Tisini na tatu, akasema kaka. Themanini na sita.
Halafu akatazama feni.
Feni ilikuwa haizunguki.

Nilitaka kumwambia yule daktari
(sikumwambia; maneno yangu hunijia nikishafika nyumbani)
kwamba huyu aliuza vipuri Gerezani miaka sita bila daftari:
beringi, plagi, bushi,
bei ya jumla, bei ya rafiki, bei ya mgeni wa mkoani,
nani kakopa, lini, na kaapa kwa jina la nani.
Mafundi walimwita Kabati.
Vuta droo, utapata.

Sasa droo zinakwama.
Zile sauti, sindano ya kila mwezi imezinyamazisha,
au zimehamia chumba cha uani, zinanong'ona kwa adabu.
Mtaani wanasema amepona: hapigi kelele.
Lakini mtume nyanya na kiberiti,
atarudi na kiberiti
na uso wa mtu aliyeibiwa.
Shangazi alisema katupiwa kitu. Baba mdogo alisema bangi.
Wote wawili walisema wakiwa wamesimama mlangoni.

Chora saa, daktari akaagiza,
mishale ionyeshe saa tano na dakika kumi.
Kaka akachora duara zuri, la fundi,
mshale mfupi akauelekeza kwenye tano.
Kalamu ya daktari ikasita, ikaandika kosa.
Nikajiuliza: si sisi sote
tunaoona kumi na moja, tukatamka tano,
na hakuna anayetupima?

Ndipo ikaja damu.
Mirija mitatu yake, mitatu yangu,
ya ndugu, alisema Sista, ya kulinganishia.
Mashine ikavuma kama cherehani.
Damu nzito kuliko maji, nimeyasikia hayo tangu utotoni,
kwenye harusi, kwenye kesi za viwanja.
Leo nimeyaona: wekundu umezama kama mashapo,
juu kimebaki kimaji cha rangi ya samli,
na hicho chepesi ndicho wanachokitaka.

Humo, alisema, tunatafuta alama.
Moto mdogo usio na moshi.
Protini iliyozidi, nyingine iliyopungua,
kitu cha kutuambia mapema nani ataanza kusahau,
pengine hata kwa nini.
Lini mtajua?
Akafuta meza palipokuwa pameshafutwa.
Tunakusanya, dada.

Mirija yetu ikalala pamoja kwenye barafu,
arobaini na moja, arobaini na mbili.
Niliitazama sana.
Sikujua ipi ni ya nani.

Haya, Kibwana, yale maneno matano.
Sahani, akasema.
Chumvi.
Akaokota polepole, kama mtu anayetafuta sarafu gizani.
Mbuzi.
Kisha, kwa sauti yake ya zamani ya dukani:
Bushi!
Daktari akatabasamu, akaandika tatu.

Tulikula chapati kwenye benchi, nje ya geti.
Akala zake mbili na nusu yangu.

Usiku Mbagala umeme ulikuwa umekatika.
Nimesimama mlangoni nachakura mkoba,
risiti, pamba yenye doa la damu, vidonge,
mbu miguuni,
naye nyuma yangu kimya, ananukia spiriti.
Ufunguo, akasema.

Sijui kama aliusikia ukigonga sarafu mkobani
au ulikuwa umetoka Upanga kwa miguu
ukamfikia saa hiyo.
Sikumuuliza.
Nilifungua mlango,
akatangulia kuingia, akapapasa ukutani,
akabonyeza swichi
mara mbili.