Dakika Ishirini na Tisa

Msimu ulianza Septemba, kabla ya mvua za vuli.
Nilikuwa na bando la shilingi hamsini na mashine ya fotokopi
pale Kariobangi Kusini, mkabala na duka la mbao.
Ratiba yao niliichapa nyuma ya karatasi za mtihani zilizoharibika:
timu kumi na mbili, mechi ishirini na mbili,
miji ambayo jina moja linakula mstari mzima,
na timu ya Kwamboka nikaizungushia wino mwekundu.

Wateja waliuliza, hii ni ligi ya wapi?
Ujerumani. Ya wanawake.
Wakasema aa, wakanipa vitambulisho, mbele na nyuma.

Jumamosi ya kwanza nilimtafuta kwenye benchi.
Yuko mwisho kabisa, jaketi hadi kidevuni,
glavu mapajani kama mkate ambao haujakatwa.
Namba ishirini na nne. Kipa wa akiba.
Tukafungwa mbili bila.
Nasema *tu*kafungwa. Hakuna aliyenipa ruhusa.

Mwisho wa Oktoba walirudisha saa zao nyuma.
Mechi ya saa tisa ikaja saa kumi.
Akaandika: Sasa tumeachana saa mbili.
Nikamjibu: Huku hatujagusa kitu. Ni nyinyi mliosogea.

Desemba akanitumia picha ya uwanja mweupe pe,
milingoti miwili, mstari hauonekani.
Siku hiyo jua lilikuwa linachoma mabati,
na wasichana wa Mwalimu Ondara walicheza katika vumbi
mpaka kipa akapiga chafya, goli likaingia.
Nilimsimulia. Akacheka kwa herufi.

Sijasema bado: mimi ndiye niliyekuwa namba moja.
Uwanja huohuo wa vumbi, fainali ya kaunti,
yeye ameketi juu ya kreti ya soda, ananishikia maji.
Kona ikapigwa, nikaruka, nikatua vibaya,
goti likalia kama ukuni mkavu.
Alipoinuka kwenye kreti hakunitazama.
Alivaa glavu zangu zikiwa bado na joto.

Kwa hiyo nilijua anachosubiri, wiki baada ya wiki,
na kwamba hawezi kukiombea.
Kipa wa akiba ni mrithi:
hapati kitu ila kwa msiba wa mtu.

Februari sare, sare, halafu tukapigwa nne.
Machi tulikuwa wa kumi na moja, tukichungulia daraja la chini.
Nikabadilisha kalamu. Wino mwekundu ulianza kunitisha.

Aprili, masika. Maji yakapita chini ya meza,
stima ikapotea, simu asilimia sita.
Video ikaganda, nikabaki na maandishi:
dakika ya sitini na moja, anatoka 1, anaingia 24.
Nikaruka kitini. Kijana mwenye barua ya kuomba kazi
akadhani mashine imelipuka.

Dakika ishirini na tisa niliisoma mechi
kama mtu anayesoma barua kupitia bahasha.
Kona. Kona tena. Ameokoa.
Sabini na nane: goli, si letu.
Asilimia mbili. Moja. Giza.

Matokeo niliyapata usiku, na ujumbe wake,
neno moja, bila nukta:
goti

Nikajua hasemi la kwake.
Niliandika, nikafuta, nikaandika:
Ulimtazama?

Hakujibu mpaka Jumanne.
Nilimshika mkono, akasema, mpaka machela ilipofika.
Refa akanifokea kwamba nachelewesha.

Tulimaliza wa kumi. Hatukushuka.
Ratiba bado iko ukutani, unyevu umekula miji mitatu.
Juzi kipa wa Ondara, yule wa chafya, Syombua,
alileta cheti cha kuzaliwa nimtolee nakala,
akauliza ishirini na nne ni nani.
Mtu aliyewahi kunishikia maji, nikasema,
nikainuka polepole, mkono mezani,
kufuata karatasi kabatini, rafu ya chini.