Pia

Lifti ya jengo letu hapa Kutaisi hula sarafu.
Kupanda ghorofa ya saba, tetri kumi.
Kushuka ni bure,
ila mimi, kushuka ndiko kunakonigharimu.

Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma:
na ngoma ndiyo kazi yangu.
Miaka kumi na tisa naruka, jambia mkononi,
natua kwa magoti mawili juu ya mbao,
nazunguka, nazunguka,
ukumbi mzima unasimama.
Kile kifupa cha mbele ya goti kinaitwa pia,
kama kichezeo cha watoto.
Pia huzunguka mpaka ichoke.
Hakuna aliyeniambia sehemu hiyo.

Ilianza Februari, kama kokoto ndani ya kiatu,
ila kiatu chenyewe ni goti.
Kisha ngazi. Kisha kuchuchumaa.
Kisha saa mbili sinema na mke wangu, Darejani;
filamu ilipokwisha nikainuka kwa vipande,
kama meza ya kukunja.
Akacheka.
Halafu akaacha kucheka.

Mjomba Vazha alileta chacha ya kuchulia.
Nusu tulichua, nusu tulikunywa;
iliyonywewa ilisaidia zaidi.
Kiongozi wa kundi: kaza meno.
Mpiga ngoma: lala miezi mitatu.
Nililala wiki tatu. Paja likanywea
kama sweta iliyofuliwa kwa maji ya moto,
na niliporudi, maumivu yalikuwa yananingoja
mlangoni, yamenenepa.

Tsiala alikuwa mnyanyua vyuma zamani.
Sasa ana chumba chini ya hospitali ya reli,
kitanda, kioo, sanduku la mbao.
Hakuligusa goti. Aligusa nyonga.
“Goti ni mtoto wa kati,” alisema.
“Wa juu akizembea, wa chini akilala,
anayechapwa ni yeye.
Panda hapo. Shuka kwa mguu mmoja.
Polepole. Hesabu hadi nne.”

Nilifika mbili.
Goti likainamia ndani, kama mtu anayesikiliza umbea,
na kioo kikaliona.
Miaka kumi na tisa ya makofi,
na sanduku la sentimita ishirini limenishinda.

“Nitaacha kucheza?”
“Nani kakwambia? Nusu saa, si tatu.
Magoti na mbao wasionane kwanza.
Maumivu yape alama, moja hadi kumi:
yakiwa tatu, endelea;
yakiwa tano, punguza;
na asubuhi yawe yamerudi kwao.”
Akabandika plasta kando ya pia.
“Hii itakufariji,” alisema. “Haitakuponya.”

Basi jikoni kwetu, mshipi wa mpira mapajani,
nikaenda upande kama kaa,
kutoka jokofu hadi dirishani, dirishani hadi jokofu,
binti yangu Nestani akihesabu kwa sauti
na kuiba hesabu ili nirudie.
Wiki ya nne: hakuna.
Wiki ya sita: hakuna, na nikamtukana Tsiala
mbele ya chungu cha maharage.
Wiki ya saba niliruka mara moja tu, kwa kiburi,
na usiku nikalipa.

Kisha Mei, siku moja, natoa taka.
Nilikuwa ghorofa ya tatu tayari, nawaza bei ya tairi,
nilipokumbuka kwamba nina goti.
Nikasimama pale na mfuko unaovuja.
Nikashuka ngazi zilizobaki kwa adabu.

Sitaruka tena kama zamani; labda.
Mzunguko wa magoti sasa ni wa Gocha,
miaka kumi na saba, kiuno kama upanga.
Jana alizunguka mara kumi na moja,
nikapiga makofi mpaka viganja vikawaka.
Watu walipotoka nilivuta sanduku katikati ya ukumbi.

“Shuka,” nikamwambia. “Mguu mmoja. Hadi nne.”
“Lakini mimi siumwi.”
“Mimi pia,” nikasema,
“nilikuwa siumwi.”