Kishubaka cha Ngomeni

Baba alijifunza kusimama ndani ya mwendo.
Hata jikoni kwetu, Ngamiani, barabara ya kumi na nne,
sakafu imetulia tuli,
alipanua miguu, akayumba kidogo akimenya chungwa,
na mama akamwambia: Hoza, umeshashuka. Treni imekwenda.

Behewa la posta lilikuwa na tundu ubavuni,
mdomo wa shaba uliong'arishwa na vidole vya waliochelewa.
Walikuja mbio, ndara moja mguuni na moja mkononi,
wakatumbukiza bahasha magurudumu yakianza kuguna.
Ndani, taa moja, harufu ya lakiri,
na ukuta mzima wa vishubaka:
Pongwe, Ngomeni, Muheza, Mnyuzi,
Korogwe, Mombo, Buiko.
Ramani sikuijulia shuleni. Niliisoma
vidoleni mwa baba, usiku, akigawa karata mezani:
hii ya Mombo. Hii Muheza. Hii haina stempu.

Alijua miandiko ya watu.
Karani wa mkonge, Mnyuzi, aliwaandikia manamba arobaini
kwa mkono mmoja: *hofu na mashaka ni kwako
uliye mbali na upeo wa macho yangu*,
arobaini wote na mashaka yale yale,
isipokuwa mmoja, aliyetuma karatasi tupu
yenye alama ya kiganja chake.
Baba aliiona kwa kuwa mvua iliilegeza bahasha.
Akaigandisha kwa ugali, akaigonga muhuri, ikaenda.

Barua ya mtu hakuifungua. Wala hakuichelewesha,
ila moja.
Stesheni ya Same mtu alimshika mkono dirishani:
"Hii ya Bi Nuru Mgaza, Ngomeni.
Kaka yake tumemzika jana.
Asiisome amesimama."
Ilikuwa Ijumaa.
Jumamosi Bi Nuru anamwoza binti yake,
na baba alikuwa na mwaliko mfukoni.

Akaiweka kishubaka cha Ngomeni.
Ngomeni ikafika. Mfuko ukashushwa. Barua ikabaki.
Ikalala Tanga, ikarudi bara,
ikapita tena Ngomeni ngoma zikisikika hadi relini,
na baba ndani, amesimama, hakuchungulia.
Safari ya tatu ndipo iliposhuka,
na muhuri wa tarehe ya kweli,
maana kusema uongo kwa wino hakuweza.

Bi Nuru alijua kusoma mihuri.
Mwaka wa kwanza hakumwamkia.
Mwaka wa pili alileta machungwa, kikapu kizima,
akakiweka mlangoni, hakusema ni ya nini.
Tuliyala kila msimu hadi alipokufa yeye.

Behewa lilipoondolewa, mifuko ikahamia kwenye basi.
Baba akauliza: "Ndani ya basi nani anapanga?"
Hapakuwa na wa kupanga. Barua zikaja zimechanganyika,
kisha zikapungua,
kisha sanduku letu la posta likabaki na bili ya maji
na buibui mmoja, mpangaji asiyelipa.
Leo vitenge vyangu vinatoka Arusha
na kijana wa bodaboda asiyejua jina langu:
"Mama, uko wapi? Nitumie lokesheni."
Sidharau. Vinafika vikavu, siku ile ile.
Barua ni nusu ya kuonana, walisema;
mimi mjukuu wangu wa Mombo namwona jino linavyoota.

Baba alipofariki nilikuwa sokoni, nachagua nyanya.
Simu ikatetemeka kiunoni. Kikundi cha ukoo.
Binamu aliyekuwa wodini ameandika
kabla daktari hajavua glavu:
*mzee ametutoka*,
viganja viwili vya dua,
vijisura vinne vya njano vinavyolia.

Niliisoma nimesimama.
Muuzaji akasema, mama, vipi, kilo moja au mbili?
Nikapanua miguu, kidogo tu,
nyanya ingali mkononi,
na soko likaanza kwenda.