Vidole Viwili

Ukuta wa magharibi hukopa joto mchana
na usiku hulipa, tena hulipa lote,
bila kudaiwa, bila kubakiza senti,
juu ya kitanda cha mama.

Baba aliujenga mwaka korosho ilipokubali:
matofali ya saruji, membamba, yamesimama kwa ubavu,
ili chumba kiwe kipana,
ili kabati la Masasi lipate pa kuegemea.
Hakujua kwamba Bi Somoe Likwata, jirani,
angevua makuti avae bati,
na bati, tangu alasiri, lingetutemea jua
kama mtafuna muwa atemavyo makapi.

Nikamwita Chilumba, fundi chokaa wa Mikindani.
Akaugusa ukuta kwa mgongo wa kiganja,
vile unavyogusa paji la mtoto.
"Una homa," akasema. "Tuuvishe kwa nje.
Tukiuvisha ndani, kitanda kitatoka."

Mimi nilitaka koti: shibiri nzima
ya udongo na makumbi, ukuta uvimbe kama mkate wa mofa.
Yeye akauliza swali moja tu:
"Kichochoro hiki, jeneza hupitaje?"

Nikanyamaza.
Nyumba kumi na moja nyuma yetu
hazina njia nyingine ya kutokea.

Tukaazima jeneza msikitini, tupu,
Chilumba mbele, mimi nyuma, na vijana wawili.
Bi Somoe akatoka, upawa mkononi:
"Nani tena? Mbona sikusikia tangazo?"
Tukamwambia ni kipimo.
Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango.
"Basi nipimeni na mimi, maana mie si mwembamba."
Hakupanda. Lakini alitembea ubavuni mwake,
mkono juu ya mti, hadi kona,
na pale konani hakuwa anacheka.

Upande wetu vilibaki vidole vitatu.
Chilumba akakunja kimoja.
"Hiki ni kidole cha kulia," alisema.
Nikatazama mkono wake: ulikuwa wa kushoto.
"Cha kulia machozi. Mfiwa hatembei kwa kamba ya fundi."

Vikabaki viwili.
Vidole viwili! Utaficha nini humo?

Chokaa iliyolala shimoni tangu kabla ya Ramadhani,
nyuzi za kumbi zilizochambuliwa kama mvi,
pumba za mpunga wa Kitere,
kila ganda na hewa yake kidogo, haba, ya kuibia.
"Hewa ndiyo blanketi," akasema.
"Mimi nauza hewa. Chokaa ni mfuko."
Akapaka tabaka la kwanza, akalinywesha maji
asubuhi na jioni kama mche wa mkorosho.
La pili. Pembe ya nyumba akaisugua ikawa bega,
maana pembe kali huchana sanda.
Mwisho weupe, mara tatu,
jua likija lione haya lirudi.

Sitasema chumba kimekuwa Newala.
Joto lipo. Ila siku hizi ukuta hulipa kwa awamu,
na madeni mengine husahau.
Mama hulala ameupa mgongo.
Bi Somoe ndiye mwenye malalamiko:
weupe wetu umeingia jikoni kwake,
sasa anaona chuya zote kwenye mchele,
na masizi ya miaka ishirini, nani atayafuta?

Masika yalipoanza alitoka mzee Nalinga,
nyumba ya mwisho kabisa, yule wa baiskeli.
Wanawe walimbeba wenyewe, wakakataa kupokewa
mpaka barabarani.
Asubuhi nikakuta mkwaruzo usawa wa bega,
mrefu kama mkono, pumba zinachungulia.

Chilumba akaja. Akaupima kwa kidole.
Mwiko hakuutoa mfukoni.
"Marehemu alipendwa," alisema.
"Nilipima kidogo."