Maziwa ya Bango

Madurai, alfajiri. Nimening'inia kwenye jukwaa la mianzi,
brashi mkononi, namnyoosha Vetrivel pua.
Yake halisi imepinda. Niliiona mara moja, stesheni,
akikohoa ndani ya leso, mfupi kuliko mke wangu.

Meneja wake alisema: mng'arishe. Mwongeze kifua.
Nikamwongeza. Waridi ya mashavu ilikula ndoo mbili.
Macho nilimwazima ya marehemu kaka yangu;
hayo hakuna aliyeniagiza.

Kumekucha. Wamekwea ngazi na matoazi yao,
wanammiminia maziwa kuanzia utosini.
Yanamshuka, yanazoa wekundu usiokauka,
yananidondokea mabegani yakiwa ya waridi.

Mmoja wao ni Kathiravan, mwanangu wa pili.
Masharubu ameyachonga yapande juu upande wa kushoto,
mkato ulionitoka Jumanne
brashi iliponiteleza.

"Baba, shuka! Unamziba!"

Nashuka.

Nyumbani Selvi ananiwekea chai ya rangi.
Nauliza kwa macho tu.
Maziwa, anasema, mtaa mzima hakuna,
tangu jana vijana wameyamaliza.