Nyuma ya Kioo

Baba alianguka bafuni Januari, akavunjika nyonga.
Sasa ni Machi, mjini Ovar, mvua haijakoma,
na mimi, Zulmira, mshona mapazia,
nimeazima keekee ya jirani
nitoboe matundu manne ya kishikio.

Vigae hivi alivibandika yeye, safu kwa safu,
mwaka niliozaliwa. Bluu yake haipo tena madukani;
kiwanda kilifungwa, paa limeota nyasi.
Kilibaki kimoja cha akiba, chini ya sinki,
kimeviringishwa gazetini kama mkate.

Nilijaribia hicho.
Niliacha swichi kwenye alama ya nyundo, nikasukuma kwa bega.
Tak.
Ufa ukakimbia kona hadi kona
kabla sijaondoa kidole.

Mzee Anselmo, juu ya kigoda mlangoni, hakufoka.
"Kigae hakivunjwi na chuma, kinavunjwa na pupa.
Zima nyundo. Bandika utepe wa karatasi,
ncha isiteleze juu ya mng'aro.
Anza umeiinamisha, taratibu,
kama anayepiga hodi
nyumba yenye mtoto aliyelala."

Akajaza maji kikombe chake cha kahawa,
akawa ananidondoshea, tone, tone,
mkono ukitetemeka, maji yakifika.

Ncha ya almasi haikuimba, ilinung'unika.
Uji mweupe ukateremka ukutani,
kisha mwekundu: udongo wenyewe.
Kisha wa kijivu, na baba akainua kidole.
"Hapo. Umefika kwenye saruji yangu."

Tundu la kwanza. La pili.
La tatu nilisahau kupumua.
La nne likaingia kana kwamba
lilikuwepo siku zote, linangoja kufunuliwa.

Nikakaza skrubu, si sana. Nikafuta ukuta.
Ndipo nikaviona tena vile vipande sakafuni,
uso ukanishuka.

"Kiondoe kioo," akasema.

Kile kioo kizito cha juu ya sinki;
tangu utoto wangu sijaona kikishushwa.
Nyuma yake, kigae kimoja, ufa kona hadi kona,
umezibwa kwa rangi ya kucha, ya waridi,
kwa mkono usio na haraka.

"Nilikuwa na miaka ishirini na sita," akasema,
"na mpira ulikuwa unaanza saa tisa."

"Mama alijua?"

Akashika kishikio kipya, akajivuta, akasimama.
"Rangi ya kucha, unadhani ilikuwa ya nani?"