Ngumi Haina Soli

Nionyeshe kiatu, usinionyeshe ngumi.
Miaka thelathini na tisa nashona hapa Walukuba,
nyuma ya kota za kiwanda, chini ya bati lililotoboka,
na sijaona uongo ukikaa kwenye soli.
Aliyelika kisigino husimama akingoja kipigo.
Aliyelika ubavu wa nje ana deni,
anapita njia ya mbali.
Wandera (humjui, alikufa kabla hujazaliwa)
viatu vyake vililika mahali pamoja tu,
chini ya kidole gumba cha kulia, duara kama shilingi.
Kwingine ngozi mpya, ungemuuzia bwana harusi.

Sasa Isabirye amekuja na bango:
Ngumi tupu, Jumamosi, ghala la pamba la zamani.
"Mzee Ochwo, tunaufufua mchezo."
Mnajua ulikufa vipi?
Akacheka. Bado ana meno yote.

Nikachomeka sindano kwenye nta, nikamwambia.
Siku ya mshahara, watu wa mitambo na watu wa rangi
walichora mstari wa chokaa nyuma ya vyoo.
Kengele hakuna, glavu hakuna.
Ukianguka wenzako wanahesabu;
ukirudi mstarini kwa miguu yako, mnaendelea,
usiporudi, wote mnakwenda kwenye malwa.
Lakini hakuna aliyepiga kama anayetwanga.
Fuvu ni jiwe, vidole ni njugu.
Mwenye glavu hupiga kichwa, ana godoro mkononi;
mwenye mkono mtupu hufikiri kwanza,
na kufikiri kwake kuko miguuni:
nusu hatua ndani, gusa mbavu, nusu hatua nje,
zunguka, zunguka, mpaka jua liwe la mwenzako.
Wandera hakupiga sana. Alikuwa hayupo.
Unapiga alipokuwa, unasikia wayo wake, shhh, pembeni,
kama mtu anayefagia ua wa jirani.

Tazama mkono huu. Kifundo cha tatu kimezama.
Mara moja tu nilisimama mstarini,
nikampiga Magidu wa rangi kwenye paji la uso
kwa hasira, kwa ajili ya mwanamke
ambaye siku hiyo alikuwa Iganga, kwa shangazi yake.
Magidu alipangusa jasho.
Mimi nilisikia kijiti kikivunjika.
Mguu ukimaliza soli naubandikia raba ya gurudumu,
kesho unatembea.
Ngumi haina soli. Haina fundi.
Ndiyo maana sindano naishika kwa vidole viwili
na viatu vya Jumatatu vinatoka Alhamisi.

Isabirye akavua viatu bila kuambiwa.
Wiki nzima walikuja, yeye, Opio wa gereji,
na Nangobi, anayebeba matofali Masese,
peku, mikono imefungwa nyuma kwa kamba za viatu,
wakiufuata mstari wangu wa chaki.
Watoto walicheka, mabondia wasio na mikono!
Nangobi hakuhitaji maelezo.
Ukishabeba matofali kumi na mawili kichwani
juu ya ubao unaonesa, hatua huitupi ovyo.

Jumamosi ghala lilijaa, simu juu, wakitaka damu.
Ilitoka kidogo, puani kwa Opio, na kwa bahati mbaya.
Kilichobaki kilikuwa kupishana tu.
Waliolipa elfu mbili wakazomea,
hadi ajuza mmoja kule nyuma, simjui, akasema wazi:
"Yule msichana anatembea kama Wandera."
Nikainama nikatafuta msumari ambao haukuanguka.

Asubuhi niliwahi kabla ya ufagio.
Kwenye vumbi visigino vya Isabirye vimechimba mashimo,
bado anangoja, yule.
Za Nangobi ni duara, duara, duara,
halafu sakafu tupu.

Hana viatu vya kuniletea.
Nimeanza kumkatia jozi, ngozi ya mbuzi, nyepesi.
Kisigino siweki.